Ukurasa Nilioandika Juu ya Fundi wa Madaraja

Herufi za Kizungu nilijifunza kwenye magunia ya chumvi na karatasi za sabuni. Mama hakutaka niende shule ya mapadri. Alisema nitarudi nyumbani na msalaba shingoni. Baba, aliyekuwa na duka la vitambaa Kasongo, hakuwa mtu wa kubishana na mama. Kwa hiyo nilisoma chuoni tu, Kurani na herufi za Kiarabu, na mwalimu alikuwa akinisifu mbele ya wenzangu mpaka naona haya. Nyumbani kwetu sifa hazikuwa haba. Ukivaa kanzu mpya, mashallah. Ukifikisha mtungi bila kumwaga maji, mashallah. Jina la Mungu likishatangulia, mama aliamini kwamba jicho la mtu haliwezi kudhuru kitu, na baada ya hapo sifa zilimwagika bila hesabu.

Herufi za Kizungu hazikuwa na mwalimu. Jirani yetu Mkristo alinipa katekisimu iliyokosa jalada, nikaificha chini ya mkeka. Baadaye nikapata kamusi ya Kifaransa iliyoliwa na mchwa tangu ukurasa wa kwanza mpaka katikati ya herufi C. Mpaka leo nikiandika Kifaransa nayakwepa maneno ya A na B, kama mtu anayepita mbali na nyumba yenye mbwa mkali.

Nieleze hili, maana bila hili mengine hayaeleweki. Mtu aliyefundishwa anaijua siku aliyomaliza. Mwalimu alimwambia: hapa umekosea, hapa sawa, basi, nenda. Mimi hakuna aliyeniambia nenda. Kila barua niliyoandika ilikuwa mtihani ambao msahihishaji wake hajafika. Niliinakili mara tatu, mara nne. Doa la wino dogo kama mbegu ya ufuta liliweza kuninyima hamu ya kula siku nzima.

Nilipokuwa na miaka ishirini hivi nikapata kazi ya ukarani upande wa Kabambare, kwenye kundi la watu wa barabara. Mzungu aliyesimamia kazi hiyo watu walimwita Bwana Barabara, nami nitamwita hivyo hivyo. Alitaka mtu wa kuita majina kila asubuhi, kupima mita za mfereji uliochimbwa, na kila Jumamosi kuandika raporo, yaani taarifa ya kazi ya juma zima. Aliutazama mwandiko wangu, akanionyesha meza.

Kambi yetu ilikuwa kati ya Wamaza na Kabambare, mahali penye vijito vingi kuliko nyumba. Kila kijito kilikuwa na daraja la magogo, na kila masika maji yaliondoka na madaraja mawili au matatu. Watu walikuwa thelathini na kitu, karibu wote Wabangubangu wa vijiji vya pale. Wachache walikuja wenyewe. Wengi waliletwa na machifu wao. Waliniita Karani, na nikiwa nimewapa mgongo waliniita Mungwana, kwa kuwa nilitoka mjini Kasongo na ninasali. Hakuna aliyenionea. Hakuna aliyenitania pia.

Na kutaniwa pale ndiko kulikokuwa kuishi na watu. Walipochimba, mmoja wao aliongoza wimbo kwa Kibangubangu, na katika kila ubeti alimtia mtu mmoja. Nilielewa nusu. Huyu anainua jembe kama mwanamke aliyebeba uji wa moto. Yule jasho lake linanuka kuliko mbuzi dume wa chifu. Aliyetajwa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akachimba kama mtu aliyepandwa na kitu. Wimbo ulizunguka watu wote, ukarudi mwanzo, nami nimesimama na daftari langu na kamba ya kupimia, haukunigusa.

Mchana walikula nyama ya mwituni waliyoikamata kwa mbwa. Mimi siwezi kula nyama ambayo haikuchinjwa, basi nilikula mihogo na maharage mlangoni pa kibanda changu, nikiwatazama migongo. Ijumaa nilitandika mkeka nyuma ya kibanda nikasali peke yangu. Nilikuwa na watu thelathini na siku nzima ingeweza kupita sauti yangu ikitumika kwa kuita majina tu.

Aliyelivunja hilo alikuwa fundi wa madaraja. Mtu mfupi, wa miaka kama thelathini na mitano, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakina kucha. Siku moja alikuja mlangoni kwangu na samaki wawili wamefungwa kwenye jani.

"Samaki hana shingo ya kuchinja," akasema. "Kula, shemeji."

"Mimi si shemeji yako."

"Bado. Iko dada yangu mumoja, amebaki na meno mawili. Anakungojea weye."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Uso wangu ukawaka moto, lakini nilikula. Tangu siku ile, kila alipotega samaki, wawili walikuwa wangu, na kila mara alinieleza habari za dada yake: ameota jino la tatu, amenunua khanga, amekasirika maana nimechelewa. Sijui kama alikuwa na dada.

Nilianza kwenda kumtazama akifanya kazi. Alipofika kwenye kijito hakutazama maji kwanza; alitazama juu, kwenye matawi, kutafuta majani makavu yaliyonaswa na mafuriko ya mwaka uliopita, ili ajue maji yalifika wapi. Alitembea ukingo huu, akavuka, akatembea ukingo ule. Kisha akaingia msituni. Aligonga shina la mti kwa kisogo cha shoka, akasikiliza, akaukata, akanusa vipande. Magogo yalipoletwa na kuwekwa juu ya kijito, yalikaa. Hakukuwa na kuongeza wala kupunguza. Na kabla ya kuyafunga aliwaambia watu wanne wayageuze, mara mbili, mara tatu, mpaka tumbo la gogo, upande ule uliobenuka, litazame juu. Mimi niliyenakili barua mara nne kwa doa la wino nilisimama pale nikimwonea wivu mtu ambaye mikono yake inajua kwamba imemaliza.

Jumamosi moja alinikuta ninanakili raporo kwa mara ya tatu.

"Karani, ile ya kwanza ilikuwa na nini?"

"Iko na doa."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia karatasi.

"Aa. Nilizania ni kitu." Akageuka kwa wenzake waliokuwa wakinoa majembe. "Mumemuona Karani? Anaandika kama kuku anachakura kwa mukwe wake! Kidogo huku, kidogo kule, na woga tele!"

Walicheka wote. Mmoja akaiga, akatembea kwa vidole vya miguu, shingo mbele, macho huku na huku. Mimi niliona dunia imenifungia mlango. Yule niliyemdhania rafiki amenivua nguo mbele ya watu. Siku nne nilipokea samaki wake bila kumtazama usoni.

Kapita, mzee aliyesimamia kundi, mwenye mvi za ndevu tu na kichwa cheusi, alinijia siku ya tano. Alikaa kwenye jiwe, akajaza kiko chake.

"Nasikia umekasirika."

"Amenifanya kichekesho mbele ya watu."

"Ndiyo. Sasa uko mutu." Akavuta kiko. "Ulizania atakuambia nini? Sisi hatumwambii mutu usoni, kazi yako nzuri. Ukimwambia jembe lako zuri, umemwomba jembe. Atakupa, lakini kesho atalificha."

"Na kama kazi yake ni nzuri kweli?"

"Unamupa ingine."

Nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa, lakini haikuingia ndani. Nilitaka nisifiwe kwa maneno, na maneno yenyewe nilikuwa nimeshachagua yatoke kwa nani. Bwana Barabara alikuja kila baada ya majuma mawili kwa lori lake. Alisoma raporo zangu akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Penye kosa alizungushia duara. Pasipo na kosa hakuweka chochote. Nilikuwa nasimama hatua tatu kutoka kwake nikitazama ncha ya kalamu. Safari moja hakukuwa na duara hata moja. Nikangoja. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaomba maji ya kunywa. Ningeridhika hata kama angesema karatasi ni safi.

Mwisho wa kiangazi alileta amri mpya. Kila kundi la barabara liandike habari za watu wake, mmoja mmoja: tabia yake, nguvu zake, anachokijua. Yeye alikuwa na homa, akaniachia mimi niandike na yeye atie saini. Kapita alisikia. Lori lilipoondoka tu akanifuata.

"Andika wote sawasawa," akaniambia. "Huyu anafanya kazi, na huyu anafanya kazi, na huyu. Hakuna hodari, hakuna mvivu."

"Lakini si kweli, Kapita."

"Si kweli. Andika tu."

Hakunieleza zaidi, nami sikumwuliza. Hapo lazima niseme wazi, kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujidanganya. Nilijua kwamba Wazungu hawaulizi habari za mtu bure. Nilikuwa nimeshaona watu wakiondoka Kasongo kwa sababu jina lao liliandikwa mahali. Nilijua nusu, na nusu nyingine sikutaka kuijua, kwa kuwa raporo yenye watu thelathini walio sawasawa ingekuwa raporo mbaya, na mimi nilikuwa na kitu kizuri cha kuandika.

Nilitaka kumpa fundi kile ambacho mimi sikuwahi kupewa. Si yale maneno matupu ya mtu mwema, mtu hodari. Nilitaka aandikwe jinsi alivyo, kazi yake itajwe kitu kwa kitu, ili mtu ambaye hajawahi kumwona amjue. Hiyo ni kweli. Nilitaka pia Bwana Barabara aone ninavyoweza kuandika. Nikisema hilo la pili lilikuwa dogo, nitakuwa naongopa.

Wengine wote niliwapa mstari mmoja mmoja, kama Kapita alivyotaka. Fundi nilimpa ukurasa mzima. Niliandika juu ya majani makavu kwenye matawi. Niliandika kwamba anajua kuchagua mti usioliwa na mchwa, kwamba hapimi na hakosei, kwamba gogo kubwa la daraja la karibu na Wamaza lililokaa masika matatu ni yeye aliyelichagua, kwamba tangu ashike kazi hakuna mtu hata mmoja aliyeangukiwa na mti. Niliufanyia kazi siku tano. Nilipoumaliza nilijua kwamba nimemaliza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani.

Bwana Barabara aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi ya lori akausoma tena. Kalamu nyekundu ilikuwa sikioni mwake na haikushuka.

"Très bien," akasema, yaani vizuri sana. Akagonga karatasi kwa kidole. "Très bien, hii."

Nilishuka mpaka kijitoni, nikakaa kwenye magogo ya daraja, miguu inaning'inia, nikayarudia maneno yale mawili kwa sauti ndogo. Nilicheka peke yangu. Chini ya miguu yangu ilikuwa kazi ya fundi, naye alikuwa mita mia moja kutoka pale akichonga, lakini sikumwambia. Nilifikiri siku moja atapewa kitu, cheo, shoka jipya, na hapo nitamwambia aliyefanya hivyo ni nani.

Mvua za kwanza zilipoanza, barua ikaja. Iliandikiwa Bwana Barabara, naye akanipa niisome asubuhi mbele ya mstari wa watu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu kusoma. Nilianza kuitafsiri kabla sijaifikisha mwisho kwa macho. Machimbo ya bati ya kaskazini yalihitaji mtu anayejua miti, wa kuweka nguzo chini ya ardhi ili udongo usianguke. Kwa sababu ya raporo nzuri iliyopokelewa, fundi wa kundi hili amechaguliwa. Miaka mitatu. Lori litamchukua Alhamisi.

Siku ilikuwa Jumatatu. Sauti yangu ilifika mpaka neno la mwisho, sijui kwa nguvu gani.

Fundi hakuinua sauti. "Nani amewaambia Wazungu ya bati kama mimi niko hapa?"

Kapita alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. Watu wakachukua majembe yao. Siku hiyo hawakuimba.

Wote tulijua habari ya mke wake. Alikuwa mzito, amebakiza mwezi mmoja. Watoto wawili wa kwanza walikufa kabla ya kutambaa, na safari hii fundi alikuwa amemjengea kibanda karibu na kambi ili asiwe mbali naye hata siku moja. Mchana ule alileta samaki wawili kama kawaida. Aliwaweka mlangoni, hakutaja dada yake.

"Karani, mutu akikataa, wanafanya nini?"

"Jela," nikasema.

"Na mwanamke?"

Nikainama kuwaokota samaki. Akaondoka. Samaki sikuwala.

Nilifikiria njia nyingi, zote za woga. Niliwaza kuandika barua isiyo na jina. Niliwaza kuugua. Njia moja tu ingeweza kufaa, na niliijua tangu asubuhi ile ile: niende kwa Bwana Barabara nimwambie kwamba ukurasa ule ni uongo. Ukurasa mmoja niliowahi kuumaliza. Ninaona aibu kuandika kwamba kuamua hilo kulinichukua siku nzima ya Jumanne. Upande mmoja alikuwa mtu na mke wake na mtoto. Upande wa pili yalikuwa maneno mawili ya Kifaransa. Na bado nilikaa siku nzima.

Jumatano alfajiri niliazima baiskeli ya Kapita. Hakuniuliza naenda wapi. Aliijaza upepo yeye mwenyewe. Nilifika Kabambare matope yamenifika magotini. Bwana Barabara alikuwa kwenye baraza ya biro, yaani ofisi yake, anakunywa kahawa.

"Bwana, raporo yangu ina makosa."

"Makosa?" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa saa yake imesimama. "Raporo gani?"

"Ile ya watu. Ukurasa wa fundi."

Aliingia ndani, akatoka nao. Ulikuwa bado safi. Akaketi, akashika kalamu nyekundu. "Onyesha."

"Hapa. Nimesema anajua mti usioliwa na mchwa. Hajui. Ni Kapita anachagua."

Akapiga mstari mwekundu, pole pole, toka mwanzo wa sentensi mpaka mwisho.

"Hapa. Nimesema hapimi. Anapima, Bwana, na anakosea. Tunarudia."

Mstari.

"Hapa, ya majani. Nilitunga."

Mstari. Sentensi ile ya majani niliibadilisha mara saba ili ikae vile. Nilimwongoza sentensi kwa sentensi, yeye akikata, mimi nikionyesha kwa kidole mahali pa kukata. Tukafika pale niliposema kwamba hakuna mtu aliyeangukiwa na mti. Kalamu ikangoja. Nilifungua mdomo. Nilifikiria wale watu wanne wakiligeuza gogo, yeye akiwapigia kelele waondoe miguu.

"Na hii?"

"Hii... iache, Bwana."

"Hii kweli?"

"Hii ni kweli."

Akaiacha. Kisha akaweka kalamu chini. "Sababu gani weye naandika uongo?"

"Nilitaka uone kama ninajua kuandika."

Katika yote niliyomwambia asubuhi ile, hakuna lililokuwa kweli kuliko hilo. Sijui kama aliniamini. Alikuwa ameyavuka madaraja yale kwa lori lake mara nyingi, na lori lake lilikuwa zito.

"Mimi nasema très bien," akasema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Bwana."

"Basi. Hapana tena."

Akaandika barua fupi, akaitia muhuri: mtu huyu si kama alivyoelezwa, abaki barabarani. Akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo raporo zote zitaandikwa na karani wa pale biro. Mimi nitaita majina na kupima mifereji. Alizungumza bila hasira, na ningependa angekasirika.

Nilirudi kambini alasiri. Lori lililopita Alhamisi halikumchukua mtu. Watu waliambiwa Wazungu wamebadili shauri, wakaridhika. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimechoka kukaa na jambo lile peke yangu, na labda, sifichi, nilitumaini atanisamehe kwa namna itakayokuwa tamu. Ijumaa baada ya kusali nilimfuata fundi mahali alipokuwa akichonga. Nilimwambia yote: nilichoandika, alichosema Bwana, nilivyokwenda kukikana.

Alisikiliza shoka likiwa gotini. Nilipomaliza hakunilaumu. Aliuliza, "Ile ya kwanza, ulisema nini na nini?"

Nilikuwa nimeishika yote kichwani. Nikamtafsiria toka juu mpaka chini. Nilipofika kwenye gogo la Wamaza akainua mkono.

"Lile si mimi. Lile alichagua kaka yangu, mbele ya kufa. Umenipa kitu ya mutu."

"Sikujua."

"Na mchwa. Si mti tu. Ni mwezi. Unakata mwezi ukiwa umekonda. Ukikata mwezi mukubwa, mti ule ule unaliwa." Akapangusa makali kwa kidole gumba. "Hiyo hukuona."

Siku tano za kuandika, na ukurasa haukuwa kamili. Nilisimama pale, na jambo la ajabu ni kwamba hilo liliniuma kama yale mengine.

"Kumbe unaniangalia vile siku zote?" akauliza.

"Ndiyo."

Alifikiri. Hakuwa amekasirika, alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha kitu. "Mutu akiangaliwa vile," akasema, "mikono inakuwa kama ya mutu mwingine." Akainuka, akachukua shoka, akahamia upande wa pili wa gogo.

Mtoto alizaliwa kabla ya mwezi kwisha, wa kike, na bado yuko hai, sasa anatambaa. Nilijua kwa kusikia wimbo wa wachimbaji, maana baba yake alitiwa humo juma zima. Samaki bado wanakuja, lakini wanaletwa na mtu mwingine yeyote anayepita. Fundi ananisalimu, ananiuliza habari za Kasongo. Ananiita Karani; shemeji hasemi tena.

Wala si chuki. Naijua chuki inavyokaa usoni kwa mtu. Ni kwamba nikifika anapofanya kazi, anasimama. Anamwita Kapita kwa sauti kubwa: "Kapita, nikate hapa au nikate hapa?" kama mtu aliyeanza kazi jana. Mara ya kwanza Kapita alishangaa, kisha akanitazama, akaelewa, akamjibu kwa upole: "Kata hapo." Siku moja nilikaa nikijifanya napima mfereji, nikitumaini atanizoea. Gogo likatoka fupi. Sijawahi kuona gogo lake likitoka fupi. Walilitupa pembeni, watu wanne wakarudi msituni kutafuta jingine, na hakuna aliyenitania kwa hilo.

Kapita aliniambia nimngojee, kwamba mtu aliyeponea kuchukuliwa na lori hasahau kwa masika moja. Ninangoja. Wakati huo huo nimebadili kazi yangu. Asubuhi naita majina haraka, kisha napima mifereji ya upande wa mbali, na ninapolazimika kuvuka kijito anachokifanyia kazi, nashika njia ya juu, ile ya watu wa mashamba, ingawa ni ndefu na ina upupu. Kutoka kule simwoni, namsikia. Shoka likipiga haraka haraka, bila kusimama kuuliza, najua hajui kwamba niko karibu. Basi nasimama hapo hapo, sipigi hata chafya, mpaka mti uanguke.